Siku ya soko Saffron Walden, mimi na Mama

Mama alipokuja kutoka Mombasa kunitembelea London, alisema majengo marefu ameyaona ya kutosha. Anataka kuona Waingereza wanavyoishi nje ya jiji kubwa. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo nilihitaji mji unaofikika kwa treni, wenye vitu vyake vyote karibu karibu. Nikachagua Saffron Walden, huko Essex, na kilichonivuta zaidi ni zafarani.

Treni za Cambridge kutoka Liverpool Street hukushusha stesheni ya Audley End baada ya kama saa moja. Mji wenyewe uko kilomita tatu hivi kutoka hapo. Basi lipo, lakini ukiwa na mzee, chukua teksi ili miguu yake ianze kazi sokoni. Nenda Jumanne au Jumamosi, siku za soko. Siku nyingine mji ni mzuri pia, lakini uwanja unakuwa umepoa. Soko lilihamishiwa hapa kutoka Newport, kijiji cha jirani, mwaka 1141, na mpaka leo watu wanapanga mboga, jibini, samaki na mikate juu ya meza. Mama alikagua samaki mmoja mmoja, akainua mashavu yao, akaridhika.

Hapo sokoni ndipo nilipomweleza habari ya zafarani. Katika karne ya 16 na ya 17, mashamba ya kuzunguka mji huu yalitoa zafarani nyingi hata mji ukachukua jina lake. Kabla ya hapo ukiitwa Chipping Walden. Ilitumika kutia nguo rangi, kutengeneza dawa na kuungia chakula. Ua moja lina nyuzi tatu tu nyekundu, na gramu moja yahitaji maua kama 150, yote yachumwe kwa mkono wakati wa vuli. Mama, ambaye maisha yake yote huroweka nyuzi chache kwenye marashi kwa ajili ya biriani, alisimama kimya kidogo. "Mwanangu, na baridi hii walichuma kwa vidole?" Nikamwambia ndiyo, mpaka zafarani ya nje ilipozidi kuingia na rangi nyingine zikapatikana, kilimo kikafifia, na kufikia mwisho wa karne ya 18 kilikuwa kimekwisha. Miaka ya karibuni wapo wachache Essex walioanza kuilima tena.

Kutoka sokoni tulipanda polepole hadi kanisa la St Mary, kubwa kuliko makanisa yote ya parokia katika Essex. Ndani tulitafuta maua ya zafarani yaliyochongwa kwenye mawe juu ya nguzo, na Mama ndiye aliyeyaona kwanza. Mimi nilivutiwa pia na jambo jingine: mwaka 1647, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya mfalme na Bunge, wanajeshi wa Bunge walikutana humu kudai malimbikizo ya mishahara yao, na Oliver Cromwell, mmoja wa viongozi wa jeshi hilo, alikuja kuwasikiliza. Benchi za kanisa zilimpa Mama nafasi nzuri ya kupumzika.

Church Street iko karibu. Nyumba zake ni za boriti na lipu, na ile iliyokuwa nyumba ya wageni ya Old Sun Inn ina lipu iliyonakshiwa kwa ustadi ambao Mama aliulinganisha na milango ya Lamu. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopanga. Magofu ya ngome ya karne ya 12, kuta za gumegume zilizobaki, tuliyatazama kwa kupita.

Baada ya kuswali adhuhuri na kula mkate wa sinia kwenye nyasi za Common, uwanja wa wazi wa mji, Mama alikaa kitini nami nikaingia kwenye mzingile wa hapo hapo (maze kwa Kiingereza). Hauna kuta: ni njia nyembamba iliyokatwa ardhini, inayojizungusha kiasi cha kilomita moja na nusu, na ndio mkubwa kuliko yote ya aina hiyo iliyobaki Uingereza. Kumbukumbu zake zinaanzia 1699. Njia ni moja tu, hupotei, ila inahitaji subira, maana unafika karibu na kitovu kisha inakurudisha pembeni.

Jumba la Audley End, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17, tuliliacha. Linastahili siku yake peke yake, na kwa mtu mwenye magoti mabovu kuyachanganya mawili kwa siku moja ni kumtesa.