Kusi Kutoka Voi

Watu wa bara hukwambia kuja Mombasa ni kuteremka tu. Kwa ramani hawajakosea: barabara ya kutoka Malaba hupanda hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ukishavuka hapo hesabu kubwa ni ya kushuka. Lakini sisi tulioanza safari ile ya baiskeli mpakani Malaba tulikuwa wana wa pwani, na mwezi ulikuwa Julai. Tulijua kusi, ule upepo wa msimu utokao kusini, linatungoja.

Baridi ya Timboroa sitaieleza. Vidole vilikufa ganzi, tukanywa chai, tukashuka. Nairobi tuliipita alfajiri kukwepa magari, na hadi Mtito Andei mambo yalikwenda vizuri.

Shughuli ilianza baada ya Voi. Barabara pale inaelekea kusini-mashariki, na ndiko upepo unakotoka. Taru yote ni nyika, hapana pa kujificha. Hata mteremkoni ukiacha kukanyaga, baiskeli inasimama. Asubuhi kuna nafuu. Jua likipanda, upepo nao unashika kasi.

Ami, mzee pekee kundini, alitupanga mstari mmoja, gurudumu langu nusura liguse la aliye mbele. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapata kupumua. Akichoka anajitoa upande wa vichaka, si wa matrela, anaacha wenziwe wampite kisha anashika mkia. "Wanangu, sogeaneni!" alikuwa akipiga kelele. "Mkiachana hapa, kila mtu atabeba upepo wake!" Na zamu yake mbele ilikuwa ndefu kuliko zetu, jambo ambalo vijana wenye baiskeli za bei mbaya hawakulipenda hata kidogo.

Karibu na Maungu nikapata pancha. Kando ya barabara ile kumetapakaa vipande vya tairi za malori zilizopasuka, na ndani yake mna nyaya nyembamba za chuma. Nilishatoa gundi na kiraka, Ami akanishika mkono. Alipitisha kitambaa ndani ya tairi, polepole, mpaka kikanasa. Akaung'oa waya kwa kikata kucha, akaniwekea kiganjani. Ulikuwa mfupi hata ukucha hauufikii. "Sasa ziba," akasema.

Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, ambapo madereva wengi husimama kuomba dua. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akifanya kazi ya kujenga reli, karai lake la mzigo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Nikamwambia Ami natamani na baiskeli yangu ipate karama hiyo.

"Astaghfirullah! Kunywa maji twende," alinikemea, lakini alikuwa akicheka.

Kuanzia Mariakani adui hakuwa upepo tena, ni foleni ya matrela na moshi wake. Mazeras tulipanda wengine kwa kusukuma. Changamwe, dereva mmoja wa tuktuk akapunguza mwendo kando yetu, akatutazama tulivyojaa vumbi jekundu hadi kwenye kope.

"Mwatoka wapi, wazee?"

"Malaba."

"Malaba! Kwani mabasi yamegoma?"

"Yamejaa," Ami akamjibu, akakanyaga kuelekea Makupa.