Kwanza mkojo

Jana usiku dada mtu kapandisha homa, mafua tu ya kawaida, na swali langu la kwanza likawa umekojoa saa ngapi na mkojo ulikuwa rangi gani. Akanitolea macho, mama na wewe! Mnaotujua mnaelewa kwa nini nauliza.

Kipindi kile tuliumwa mafua nyumba nzima, wote tukapona ila mdogo wake akabaki kalegea, viganja vimepauka, asubuhi macho yamevimba na mkojo kidogo sana, mweusi kama chai kavu. Vipimo vikatoka, chembe sahani, zile za kugandisha damu, 31,000 wakati kawaida zinaanzia 150,000, damu imeshuka, figo zimegoma. Wakasema ni HUS, yaani damu inaganda vipande vidogovidogo kwenye vimishipa vya figo na chembe nyekundu zikipita hapo zinachanika. Watoto wengi inawapata baada ya kuharisha damu kwa sababu ya bakteria E. coli, ila wetu hakuharisha kabisa, ndo wakaanza kutafuta chanzo kingine.

Mi ninachokumbuka zaidi ni ule mfuko wa mkojo pembeni ya kitanda. Ulikuwa mkavu. Mashine inasafisha damu kupitia mrija wa shingoni, nesi anakuja anaandika sifuri anaondoka, nami nimekaa chini sakafuni macho yakiwa usawa wa mfuko, naufuata mrija kwa kidole toka kwenye shuka hadi chini nisije nikakuta umejikunja mahali. Alfajiri moja nikaona tone limesimama katikati ya mrija, halisogei, nikaogopa hata kuugusa, likaja la pili likalisukuma, yakashuka yote mawili. Nilipiga kelele wodi nzima ikaamka.

Baadaye akaanzishiwa dawa ya dripu kila wiki mbili, baada ya chanjo ya homa ya uti wa mgongo maana dawa yenyewe inazima sehemu ya kinga, inafungulia mlango vijidudu vya homa hiyo. Majibu ya jeni yakaonyesha kuna sehemu ya kinga yake haina breki, mafua yaliiamsha tu. Tukapimwa familia nzima, na dada mtu anayo jeni hiyohiyo. Aliumwa mafua yaleyale wiki ileile na figo zake hazikuguswa. Kwa nini mmoja na si mwingine nimeshawauliza madaktari, wanasema wapo wanaozeeka nayo bila kuumwa, na wapo ambao bado hawajaumwa.