Neno KUMBUKUMBU Liliporudi Limevurugika

Jaribio la kwanza lilipita, la pili likapita. Chipu nane za kumbukumbu, megabaiti 4, na kila neno la biti 16 nililoliandika lilirudi kama lilivyokwenda. Nikauchomeka ubao wangu wa nyongeza ndani ya Macintosh Portable, kompyuta ya kubeba ya Apple. Mashine ikalia mlio wake wa kuwaka, ikaonyesha ule uso wa tabasamu, kisha ikaganda kabla diski haijamaliza kusoma. Nikautoa ubao, ikawaka vizuri. Nikaurudisha, ikaganda palepale.

Kosa halieleweki bila kuujua ubao wenyewe, kwa hiyo naanzia huko.

Macintosh Portable ilitoka Septemba 1989. Ina prosesa ya 68HC000, yaani 68000 ya umeme mdogo, inayokwenda kwa megahezi 15.6672, skrini ya nukta 640 kwa 400, betri ya risasi na asidi, na uzito wa kilo 7 na ushei. Kiwandani iliwekewa megabaiti 1 ya kumbukumbu tuli, yaani SRAM, kwa sababu aina hiyo hushikilia yaliyomo kwa umeme mdogo mno mashine inapolala. Megabaiti 1 inatosha mfumo endeshi wa System 6, lakini System 7 inataka 2 kwa uchache. Mtu mwenye mashine kama ilivyotoka kiwandani hawezi kuitumia System 7 kabisa. Ndani kuna nafasi ya ubao wa nyongeza, na kasha lote linafunguka bila bisibisi hata moja, jambo ninaloliheshimu kila ninapolifungua. Ninayoyaandika hapa ni ya modeli hiyo ya 1989. Ile ya 1991 yenye mwanga nyuma ya skrini inatumia kumbukumbu ya aina nyingine, na ubao huu si wake.

Wakati ule megabaiti 1 ilihitaji chipu 32 za kilobaiti 32 kila moja. Leo chipu moja ya AS6C4008 inabeba kilobaiti 512 kwa upana wa biti 8, kwa hiyo mbili zikisimama bega kwa bega zinatoa megabaiti 1 yenye upana wa biti 16, ndio upana wa njia ya data ya 68000. Jozi nne, chipu nane, megabaiti 4. Nilichukua zenye umbo la SOP lenye miguu 32 na kasi ya nanosekunde 55. Kasi hiyo inatosha na kubaki: mpigo mmoja wa saa ya mashine hii ni nanosekunde 64 hivi, na 55 ukijumlisha na 20 za chipu ya kuchagulia bado uko chini ya 80, wakati prosesa inasubiri zaidi ya mipigo miwili kabla ya kuichukua data.

Kuchagua jozi ni kazi ya 74HC138 moja, chipu inayosoma mistari mitatu na kuwasha tokeo moja kati ya manane, Y0 hadi Y7. Hapa wengi huteleza. Megabaiti ya kwanza ya anwani ni ya kumbukumbu iliyo kwenye ubao mkuu, kwa hiyo nyongeza inaanzia 100000 kwa namba za msingi wa 16 na kuishia 4FFFFF. Ukichukua mistari ya anwani A20 na A21 peke yake ukadhani jozi nne ni 0 hadi 3, jozi yako ya kwanza itajibu pamoja na ubao mkuu, na sauti mbili kwenye mstari mmoja hazielewani. Lazima A20, A21 na A22 ziingie zote tatu, A23 izuie ikiwa juu, na utumie matokeo ya Y1, Y2, Y3 na Y4. Y0 niliuacha mtupu. AS, ishara ya prosesa inayosema anwani imekaa sawa, inaingia kwenye mguu wa pili wa kuzuia.

Kusoma ni rahisi. Jozi iliyochaguliwa inatoa baiti zote mbili na prosesa inachukua upande inaoutaka. Kuandika ndiko kunakotaka uangalifu, kwa kuwa 68000 huweza kuandika baiti moja bila kuigusa jirani yake. Ina ishara mbili kwa ajili hiyo, UDS kwa nusu ya juu ya data na LDS kwa nusu ya chini, na zote husema "sasa" zinaposhuka. Kwa 74HC32, chipu ya malango ya OR, nilitengeneza ishara mbili za kuandikia: R/W, ishara inayokuwa juu wakati wa kusoma na chini wakati wa kuandika, na UDS zinaingia lango moja, R/W na LDS lango jingine. Lango hutoa sifuri pale tu pande zote mbili zinapokuwa sifuri, na chipu huandika ikipewa sifuri.

Mguu wa OE, unaofungua mlango wa data kutoka kwenye chipu, unavutia kuufunga moja kwa moja kwenye ardhi. Michoro mingi hufanya hivyo na mashine huonekana inafanya kazi. Kwenye 68000 nakataa. Prosesa inapoandika, R/W hushuka mapema, data huwekwa kwenye mistari, na UDS au LDS hushuka nusu mpigo baadaye. Katika ile nusu mpigo, nanosekunde 32 hivi, chipu iliyochaguliwa bado inadhani inasomwa. Yenyewe inasukuma data, prosesa nayo inasukuma yake, na mkondo unapanda kila unapoandika. Chipu moja ya 74HC04 inayogeuza R/W na kuipeleka OE inamaliza ugomvi huo.

Kuna uhuru mmoja ambao hurahisisha sana uchoraji wa njia za shaba. Kwa SRAM, mpangilio wa mistari ya anwani kwenye chipu hauna umuhimu. Mguu ulioandikwa A3 ukipewa A11 ya prosesa, hakuna kitu kitakachoharibika, mradi kuandika na kusoma kunapita njia ileile. Hata mistari minane ya data ndani ya baiti moja inaweza kubadilishana nafasi. Nilitumia uhuru huo mpaka ubao ukatosha kwenye tabaka mbili. Ila uhuru huo una mpaka: hauvuki kutoka baiti moja kwenda nyingine. Mpaka huo nilikuwa nimeuvunja bila kujua.

Kulehemu chipu za SOP zenye nafasi ya milimita 1.27 kati ya miguu si kazi ya kuogopesha. Flaksi nyingi, ncha ya pasi iliyo safi, lehemu pembe mbili zinazokabiliana kwanza, hakikisha miguu yote imekaa juu ya shaba yake, ndipo uendelee. Viungo 256 kwa chipu za kumbukumbu peke yake. Kila chipu, ukihesabu na tatu za kuongozea, ina kapasita yake ya nanofaradi 100 karibu kabisa na mguu wa umeme, jumla 11, na moja ya maikrofaradi 10 ya seramiki pale umeme unapoingia. Kapasita za kemikali zilizo ndani ya mashine hizi zimekuwa zikivuja na kula shaba, kwa hiyo sikutaka hata moja kwenye ubao mpya.

Sikuuingiza ubao kwenye mashine moja kwa moja. Niliufungia kwanza Arduino Mega, ubao mdogo wa majaribio unaoandikiwa programu, kwa kuwa inafanya kazi kwa volti 5 na ina pini 54 za kidijitali. Data 16, anwani A1 hadi A23 ambazo ni 23, kisha AS, UDS, LDS na R/W: jumla 43. Zinatosha.

Jaribio la kwanza lilikuwa la data: andika neno, soma neno. Ukisoma papo hapo baada ya kuandika unaweza kudanganywa vibaya, kwa sababu mistari ya data yenyewe hubaki na chaji kidogo na kukurudishia ulichoandika hata pale pasipo na chipu. Kwa hiyo kati ya kuandika na kusoma niliandika thamani iliyo kinyume kwenye anwani nyingine. Jaribio la pili lilikuwa la anwani: jaza kumbukumbu yote kwanza, kila mahali thamani yake, ndipo urudi mwanzo usome yote. Hili ndilo linalokamata mguu wa anwani usioshika. Na lilikamata mmoja. Kwenye chipu ya tatu, thamani za sehemu moja zilitokea tena sehemu nyingine, umbali uleule kila mara. Chini ya kioo cha kukuza, mguu ulionekana una lehemu nzuri inayong'aa, lakini lehemu ilikuwa imeupanda mguu tu, na chini yake palikuwa na ufa mwembamba kama unywele kati yake na shaba. Flaksi kidogo, pasi sekunde mbili, ufa ukafungika. Majaribio yote mawili yakapita kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ndipo nikaupeleka kwenye mashine, na mashine ikaganda.

Ilinichukua muda kuona nilichoruka. Majaribio yangu yote yaliandika maneno mazima, UDS na LDS zikishuka pamoja, wakati Macintosh huandika baiti moja moja kila wakati. Nikarudi kwenye Arduino na kuandika jaribio la tatu: baiti moja, ishara moja tu ikishuka, na baiti ileile ikiwekwa kwenye nusu zote mbili za data kama 68000 yenyewe inavyofanya. Nilitaka kitu ambacho jicho litakisoma bila kuhesabu, nikaandika herufi kumi za neno KUMBUKUMBU, kila moja kwenye anwani yake, kuanzia 200000. Kisha nikazisoma.

UKBMKUMUUB.

Nilitazama mpaka nikaona jozi. KU imekuwa UK, MB imekuwa BM. Hakuna herufi iliyopotea wala iliyoharibika, ila kila mbili zimepishana. Herufi ya anwani shufwa ilikuwa inaandikwa kwenye chipu ya anwani witiri, na ya witiri kwenye shufwa. UDS na LDS zilikuwa zimebadilishana nafasi kwenye mchoro. Neno zima likiandikwa, zote mbili zinashuka pamoja na kosa halionekani kabisa.

Chanzo kilikuwa mazoea. Kwenye 8086, prosesa ya Intel, baiti ya anwani shufwa hupita mistari ya data D0 hadi D7. Kwenye 68000 ni kinyume: anwani shufwa ni D8 hadi D15, na UDS ndiyo inayoilinda. Nilipochora nilizipa chipu majina "shufwa" na "witiri" badala ya kuziita kwa mistari ya data, mkono ukafuata desturi ya prosesa nyingine. Tangu hapo kwenye mchoro wa 68000 naandika namba za mistari tu.

Na kuganda palepale kukaeleweka. Macintosh huweka staki yake, sehemu ambayo prosesa huweka vitu kwa muda na kuvichukua tena, karibu na kilele cha kumbukumbu. Ubao ulipoingia, kilele kilihamia kwenye chipu zangu, na kila baiti iliyowekwa kwenye staki ilitoka ikiwa si ile iliyoingia. Jaribio la kuwasha linalofanywa na ROM, chipu yenye programu ya kudumu, hufanya kazi kwa maneno marefu ya biti 32, kwa hiyo lilipita kama yangu yalivyopita.

Kurekebisha kulikuwa kukata njia mbili za shaba kwa kisu kabla hazijafika 74HC32, kupima kwa multimita kuwa zimekatika kweli, kisha kuvusha waya mbili nyembamba za enameli zipishane. Nilizibandika kwa tone la gundi zisije zikang'oka. Jaribio la tatu likatoa KUMBUKUMBU.

Kabla ya kuurudisha ubao nilishughulikia usingizi. Mashine hii haizimiki kabisa. Nafasi ya kumbukumbu ina umeme hata skrini ikiwa giza, kwa hiyo ni lazima kutoa betri kubwa na ile ndogo ya volti 9 kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote. Chipu za kumbukumbu zikiwa zimetulia hunywa maikroampea chache, lakini chipu za familia ya HC ambazo miguu yake ya kuingilia inaelea hunywa mara nyingi zaidi. Ubao ukiwa mezani bila rezista, multimita ilionyesha miliampea kadhaa, na namba ilipanda na kushuka nilipousogezea mkono. Nilikuwa nimeacha nafasi ya mtandao mmoja wa rezista nane za kiloomu 100, unaozivuta juu A20 hadi A23, AS, UDS, LDS na R/W. Nilipoulehemu, namba ilishuka hadi makumi ya maikroampea na ikatulia, mkono uwepo usiwepo. A23 na AS zikivutwa juu, 74HC138 haichagui jozi yoyote, na kumbukumbu hailazimiki kutegemea mistari isiyo na anayeishika. Chipu za LS, familia nyingine ya chipu hizi za kuongozea, zisitumike hapa hata kama ndizo zilizopo, maana hunywa miliampea muda wote na betri itakwisha mashine ikiwa imelala.

Mara hii diski ilisoma hadi mwisho. Kwenye dirisha la kueleza mashine, jumla ya kumbukumbu ilisomeka 5,120K. Nilifungua hati, nikaandika KUMBUKUMBU mara kadhaa, nikailaza mashine bila kuhifadhi, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi niligusa kitufe, skrini ikarudi, na herufi zote zilikuwa kwenye nafasi zake.