Kupe wa Connecticut

Nilikuwa namtoa ng'ombe kupe masikioni hapa Tukuyu, dada akapiga simu toka Connecticut: mwanawe kang'atwa na kupe, anaogopa ugonjwa wa Lyme. Nikakesha nasoma. Kumbe kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna sehemu karibu nusu ya kupe wa kulungu waliokomaa wana bakteria wa Borrelia, ndio wanaoleta Lyme! Wadogo, kama mmoja kati ya watano. Na hawaanguliwi nao, wanawapata kwa kunyonya damu ya panya pori.

Sisi huku tunahofia ndigana kali, nayo huletwa na kupe: ndama tezi zinavimba chini ya sikio, ukichelewa humkuti.

Nimemwambia dada kupe akitolewa ndani ya saa 24 hatari hupungua sana. Atumie kibano, si mafuta ya taa kama mama.