Kumbukumbu ya mradi wangu: vichaka vya krapi, Januari mpaka Novemba

Januari

Leo tumezamisha ziwani vichaka viwili vya kwanza, yaani mafungu ya miti na matawi ya kuvutia samaki, mimi na shemeji yangu, mikono imekufa ganzi kwa baridi ila nimefurahi sana. Ziwa ni la mzee mmoja ninayefanya naye kazi kiwandani, liko nje kidogo ya Bowling Green hapa Kentucky, ekari kama 14 hivi, baba yake aliziba kijito zamani maji yakajaa. Ameniruhusu niweke matawi popote ila nisisogelee tuta. Ukitaka kufanya hivi kwenye ziwa la serikali kama Barren River Lake usijitupie tu, nenda ofisini kwao kwanza uombe ruhusa.

Samaki ninayemtaka anaitwa krapi. Ni bapa, ana madoa meusi, nyama nyeupe laini, ukimkaanga mkavu ukamla na ugali utanielewa. Mdomo wake ni laini kama karatasi, ukivuta mshipi kwa nguvu unachanika na samaki anakwenda zake. Na huyu samaki hapendi maji matupu, anapenda kusimama katikati ya matawi. Matawi yenyewe hayali, ila yakikaa wiki kadhaa yanaota utelezi wa kijani, wadudu wanakuja kwenye utelezi, visamaki vinakuja kula wadudu na kujificha, halafu krapi anafuata visamaki. Yaani unachojenga pale ni mgahawa.

Nimetumia mierezi 6 niliyokata kwenye uzio wa mzee (huku inaota ovyo malishoni, wenye mashamba wanashukuru ukiikata) na miti 4 ya Krismasi iliyotupwa na majirani. Idara ya wanyamapori ya jimbo nayo huwa inakusanya miti hiyo baada ya sikukuu inaizamisha kwenye maziwa, kwa hiyo sijabuni kitu. Ukiokota ya watu kagua vizuri utoe waya na mapambo yote. Kila mti nimefunga bloku mbili shinani kwa waya ili usimame wima, bloku moja haitoshi, mwerezi mbichi unaelea, wa kwanza ulituponyoka tukaufukuza na boti mpaka ng'ambo.

Kina futi 22, karibu na mkondo wa zamani wa kijito. Nilichagua pale kwa sababu nilidhani samaki wakubwa wanakaa chini kabisa.

Aprili

Maji ya juu yamefika digri 60 za Fahrenheit, krapi wamepanda kwenye kina kifupi kutaga. Nimevua 17 pembeni kabisa kwa chambo cha visamaki na chelezo. Vichaka sijavipima, samaki wote wako ukingoni.

Julai

Huu ni mwezi wa pili mfululizo napita juu ya vichaka na sona, kile kifaa cha botini kinachoonyesha samaki walioko chini ya maji. Miti naiona vizuri, imesimama kama nilivyoiacha, lakini hakuna hata samaki mmoja, wote wanaonekana juu juu kati ya futi 6 na 10 wakielea tu kwenye maji matupu. Iliniuma, maana ile kazi ya Januari haikuwa ndogo.

Shemeji ndiye aliyegundua. Alipandisha nanga pale kwenye vichaka akanusa tope akaniambia, "Shem, hii matope inanuka yai bovu." Yeye ni wa Uvira, amekulia kwenye mitumbwi ya ndagala (dagaa), mimi wa Kigoma, wote ziwa letu ni moja, na pale pale nikakumbuka tulivyofundishwa shuleni kwamba Tanganyika ina kina cha mita 1,470 lakini samaki wako kwenye tabaka la juu tu, chini huko hewa hakuna.

Tukajaribu. Nilitoboa mkebe wa plastiki matundu mengi nikaweka visamaki vitano vya chambo nikaushusha futi 20, dakika kumi nikapandisha, vyote vimekufa. Nikaweka vingine vitano futi 9, dakika kumi hizo hizo, vyote vizima vinaruka. Kisha nikafunga kipimajoto kwenye kamba, na kuanzia futi 12 baridi inaanza ghafla, kama umefungua friji.

Kumbe ndivyo inavyokuwa kwenye mabwawa ya huku kila kiangazi. Jua linapasha maji ya juu yanakuwa mepesi, yanakaa juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika, na majani yanayooza chini yanamaliza oksijeni yote. Kichaka changu kilikuwa kizuri ila nimekiweka mahali ambapo samaki hawezi kupumua.

Agosti

Vichaka vitatu vipya, safari hii kwenye futi 11, vilele vinafika futi 5 hivi chini ya uso wa maji. Nimechanganya mwerezi na matawi ya mwaloni, maana mwerezi unapoteza vijiti vidogo haraka na mwaloni unadumu zaidi. Nimeacha nafasi kati ya matawi, ukibananisha sana ndoano inanasa kila ukishusha.

Septemba

Wapo! Kichaka cha katikati kwenye sona kimejaa alama kama mbegu za papai. Jumamosi jioni tumetoa 14, mkubwa inchi 12. Jumamosi iliyofuata tulirudi usiku na taa ya kijani, visamaki vikajaa kwenye mwanga na krapi wakaja nyuma yao, shemeji akasema hii si karabai tu jamani. Tulikaa mpaka saa saba usiku, hakuna aliyetaka kuondoka.

Novemba

Baridi imeingia, maji ya juu yamepoa yakawa mazito yakashuka, ziwa limechanganyika, kipimajoto kinasoma sawa juu mpaka chini. Vichaka vya futi 11 vimepungua samaki. Nikasema ngoja nipite kwenye vile vya Januari, futi 22, na sona ikaonyesha kundi limetulia futi 18, pale pale kwenye vilele vya mierezi. Nilishusha ndoano taratibu, nikapata 6 kabla giza halijaingia, na tope kwenye nanga halinuki tena.