Nondo za juu kwenye balkoni ya Kadutu

Juni 2009, Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na kila mwenye saruji alitaka kumwaga dali yake, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, kabla mvua za Septemba hazijarudi. Kwenye nyumba hii kofraji, yaani mbao za kushikilia zege bichi, ilikuwa imefungwa, miti ya mikaratusi imesimamishwa chini yake, mchanga na kokoto vimerundikwa kando ya njia. Kilichobaki ni mimi kukagua nondo.

Dali ya ndani haikuwa na kasoro. Kwenye balkoni, iliyotoka nje ya ukuta kwa mita 1.5, nondo za milimita 10 zote zilikuwa zimelazwa chini, sentimita 2.5 juu ya mbao. Zilikuwa zimefungwa kwa waya kwa mikono ya mtu anayejua kazi.

“Nondo hukaa chini, mwanangu,” fundi mkuu alisema nilipomuuliza. “Miaka 20 naziweka chini.”

Na kwa boriti za juu ya milango na madirisha, alikuwa sahihi. Boriti iliyoshikwa ncha mbili ikibebeshwa mzigo hulegea katikati; sehemu ya juu hubanwa, ya chini huvutwa. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ya kubanwa. Kwa hiyo chuma huwekwa panapovutwa, na hapo ni chini. Balkoni lakini imeshikwa upande mmoja tu. Ncha yake ikishuka, mgongo wake ndio unaovutwa, na pabaya kuliko pote ni pale inapotokea ukutani.

Maneno hayakutosha. Tuliomba kipande cha godoro la sponji, tukachora kwa mkaa mistari iliyosimama ubavuni mwake, kila vidole viwili. Fundi alikibana upande mmoja juu ya tofali, akabonyeza ncha ya pili. Juu mistari ikaachana, chini ikakaribiana. Alirudia mara tatu bila kusema kitu. Kisha akalaza sponji juu ya matofali mawili, akabonyeza katikati, na mistari ikageuka kinyume. “Kumbe ni kitu kile kile kimepinduliwa,” akasema. Ndivyo hasa, na sijapata somo la darasani linaloshinda sponji lile.

Ikabaki hesabu, kwa sababu ramani ya kwanza ilisema mita 1 na mama mwenye nyumba alikuwa ameongeza nusu mita ili meza itoshe. Chukua upana wa mita 1. Dali ya sentimita 15 ina uzito wa kilonyutoni 3.75 kwa kila mita ya mraba (kilonyutoni 1 ni kama uzito wa kilo 100), chape, yaani tabaka la saruji la kusawazisha juu, na vigae kama 1, watu na vitu vyao 3.5. Jumla 8.25. Ukuta mdogo wa matofali kwenye ncha ni kama 2.5 kwa kila mita. Momenti, yaani nguvu ya kupinda, kwa mzigo uliotandazwa ni mzigo mara urefu mara urefu, gawa kwa 2. Kwa mzigo wa ncha ni mzigo mara urefu. Kwa mita 1 inatoka kilonyutoni-mita 6.6. Kwa mita 1.5 inatoka 13. Nusu mita imeongeza momenti karibu mara mbili, kwa kuwa urefu unajizidisha wenyewe, na ukuta wa ncha umesogezwa mbali zaidi.

Kosa hili la kulaza nondo chini hudanganya mafundi wazuri, na hili ndilo nililotaka sana wote pale walisikie. Dali ikiwa tupu, uzito wake peke yake huvuta mgongo kwa mkazo wa megapaskali 1.1 hivi (kipimo cha nguvu kwa eneo). Zege linalostahimili kubanwa kwa megapaskali 20 huvumilia kuvutwa kwa kama 1.8 kabla ya kupasuka. Kwa hiyo siku ya kutoa miti balkoni husimama, hata bila chuma juu! Watu hupongezana. Ongeza chape na ukuta wa ncha, mkazo unafika 2.4 na mgongo unapasuka. Nondo za chini hapo hazisaidii: zina mkono, yaani umbali kati ya chuma kinachovutwa na zege linalobanwa, wa sentimita 2 hivi wa kushindana na mzigo, ambapo za juu zingekuwa na karibu 11. Mpasuko hauna cha kuuzuia, na balkoni huanguka kwa ghafla, ikiwa na aliyesimama juu yake.

Basi umwagaji ukaahirishwa, nondo zikafunguliwa. Tukiongeza mizigo kwa vizidishi vya usalama, 1.35 kwa uzito wa jengo na 1.5 kwa watu, hesabu ilitaka milimita za mraba 484 za chuma kwa kila mita. Nondo za 10 kila sentimita 15 zinatoa 524. Ziliingizwa ndani ya dali mita 1.5 zaidi ya ukuta, sawa na zilivyotoka nje. Zile za kugawa mzigo, za milimita 8, zilipita chini yake.

Nondo za juu zina adui mwingine: miguu. Mbeba beseni akizikanyaga zikashuka sentimita 4, theluthi ya nguvu imepotea na hakuna atakayeiona. Tulikunja mabaki ya nondo kuwa viti vya miguu minne, kila sentimita 80, vikisimama juu ya vipande vya saruji ili chuma kisiguse mbao. Mbao za kupitia zilitandazwa juu, na fundi akamweka kijana mmoja mwenye kipimo cha sentimita, kazi yake hiyo tu.

Miti ilikaa siku 28. Ilitolewa kuanzia ncha kuelekea ukutani. Ukianzia ukutani, miti ya ncha inageuka kuwa nguzo, na dali inavutwa kwenye uso wake wa chini, mahali isipoandaliwa. Uzi uliofungwa kabla ulionyesha mshuko usiofika milimita 1.

Ukuta wa ncha ulipojengwa, mstari mwembamba kama unywele ulitokea juu, sambamba na ukuta wa nyumba. Fundi aliniita kwa haraka. Tulikuwa tunautarajia: zege limepasuka, chuma kimepokea. Lakini maji yangepitia hapo na kuozesha nondo zile zile, kwa hiyo chape ilimwagwa na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea nje, matundu mawili ya maji yakaachwa chini ya ukuta mdogo, na kazi ikaisha kabla mvua haijanyesha.