Binti yangu anasomea nyumbani, na kila safari ina swali lake

Safari ya masomo kwetu huanza siku mbili tatu kabla ya mtu yeyote kuvaa viatu. Binti yangu huketi na daftari lake, akaandika swali moja analotaka kwenda kulitafutia jibu, na chini yake akaandika anachokisia kuwa ndicho jibu. Swali moja tu. Akija na matano namwambia achague, yale mengine tunayahifadhi ukurasa wa nyuma. Nimemfundisha nyumbani tangu alipokuwa akiunganisha silabi, sasa ana miaka tisa, na katika kazi hii yote hakuna jambo ninalolishikilia kama hilo. Mtoto asiyetoka na swali hurudi na uchovu na picha za simu.

Wazazi wanaoanza hupanga ratiba nzito sana. Jumatatu makumbusho, Jumatano kiwandani, Ijumaa bustani ya wanyama. Naelewa hamu hiyo, maana ukimtoa mtoto darasani unataka kumwonyesha dunia yote mara moja. Lakini kuona hakutoshi. Kwetu, safari moja hubeba kazi ya wiki mbili, nyingine tatu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyikia mezani na uani baada ya kurudi.

Nieleze kwa mfano wa kijito, kwa sababu ndiko nilikoona njia hii ikifanya kazi kuliko popote.

Swali lake lilikuwa: maji haya yanakwenda kasi gani? Alikisia kuwa yanakwenda sawa na mtu anayetembea. Tulichagua sehemu iliyonyooka, yenye maji ya chini ya goti, siku ambayo mto ulikuwa umetulia (maji yakijaa hatusogei hata ukingoni, na hilo halina mjadala). Tukanyoosha kamba ya mita 10 kando ya maji na kuchomeka vigingi viwili, kimoja kila mwisho. Mdogo wake akawa mrushaji wa vijiti vikavu, akisimama juu kidogo ya kigingi cha kwanza ili kijiti kishike mwendo kabla ya kuanza kuhesabiwa. Binti yangu akashika saa. Baba yao alikaa kwenye kigingi cha mwisho akidaka vijiti na kusoma kipimo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Katikati ya kijito, wastani ulikuja sekunde 20 kwa mita 10, yaani nusu mita kwa sekunde. Mtu anayetembea huuacha nyuma mkondo wa namna hiyo. Halafu kijiti kimoja kikaangukia karibu na ukingo, kikajikokota mpaka akaudhika, akataka kukifuta kwenye orodha. Nilimwambia akiache, akirushe tena palepale. Kikajikokota tena. Akasimama kimya, kisha akasema, "Mama, pembeni maji yanashikwa." Ndivyo hasa ilivyo. Kingo na sakafu ya mto hukwaruzana na maji na kuyapunguzia mwendo, ndiyo maana juu na katikati ndiko yanakokimbia zaidi. Wapima mito wanaotumia njia hii ya kitu kinachoelea huichukua kasi ya juu wakaizidisha kwa takriban 0.85 ili kupata wastani wa mkondo wote, kutoka juu hadi chini.

Hapo ndipo desimali zilipoingia. Mezani alikuwa akizikataa kwa muda mrefu, akisema hazina kazi. Siku ile alilala kifudifudi kwenye majani akazizidisha mwenyewe. Upana mita 3, kina cha wastani mita 0.4 baada ya kupima sehemu kadhaa kwa fimbo yenye alama, eneo mita za mraba 1.2. Kasi 0.5 mara 0.85 ni 0.425. Zidisha 1.2 kwa 0.425, unapata mita za ujazo 0.51 kila sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, kwa hiyo lita 510. Alipogawanya kwa 20, lita za ndoo moja kubwa, akagundua kwamba zaidi ya ndoo 25 kubwa zinampita mbele ya miguu kila sekunde. Alirudia hesabu hiyo akidhani amekosea.

Kisha akauliza lile ambalo sikulipanga. Mvua haijanyesha wiki nyingi, sasa ndoo zote hizi zinatoka wapi?

Hilo likawa somo la wiki iliyofuata. Tulikata chupa kubwa ya plastiki iliyo angavu, tukatoboa tundu dogo ubavuni karibu na kitako, tukapanga udongo wa mfinyanzi chini bila kuziba tundu, kokoto, kisha mchanga juu. Akamwaga maji taratibu kama mvua. Tulipoacha kumwaga, tundu liliendelea kutiririsha, halafu kudondosha, na mdogo wake akalikalia kama mlinzi mpaka wakati wa kula. Ardhi hunyonya mvua, huihifadhi kwenye nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga na mawe, na huiachia mtoni polepole wakati mawingu yamekwisha kitambo. Ningeweza kumsomea sentensi hiyo kitabuni na angeikariri vizuri. Nisingesikia lile swali.

Katika safari za familia hupenda kutafuta kitu cha kupima ambacho hakipimiki tukiwa nyumbani. Tulipokwenda kumsalimia bibi yake, anayeishi karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, tulijaribu kufuata alichofanya Eratosthenes, mwanazuoni wa Kigiriki, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Yeye alijua kwamba mchana wa siku fulani jua linakuwa wima juu ya Syene, kusini mwa Misri, na mti uliosimama hautoi kivuli. Siku hiyohiyo kule Alexandria kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Basi mzunguko wa dunia ni umbali kati ya miji hiyo miwili mara 50.

Baba alibaki nyumbani na fimbo ya mita moja iliyosimamishwa uani, sisi tukasimamisha nyingine kwa bibi. Pande zote mbili tuliwekea kivuli alama kila baada ya dakika chache, kwa sababu mchana wa jua hauendi na saa ya ukutani. Unaujua kwa kivuli kuwa kifupi kuliko vyote. Wakapigiana simu, wakapeana vipimo. Binti yangu hajafika kwenye trigonometria, hesabu za pembe na pande za pembetatu, kwa hiyo alichora fimbo na kivuli kwa kipimo kidogo kwenye karatasi, akasoma pembe kwa kipimapembe. Tofauti ikawa nyuzi 2.5. Umbali alitaka kuuchukua kwenye mita ya gari, mpaka bibi yake alipomuuliza kama jua nalo hupita barabarani na kukata kona. Akachukua rula na ramani, akapata kilomita 300. Gawanya 360 kwa 2.5, zidisha kwa 300: kilomita 43,200. Mzunguko wa kweli ni takriban kilomita 40,000. Kwa fimbo mbili na simu moja, niliona fahari kubwa, na bibi akaibandika karatasi ile ukutani.

Makumbusho ni habari nyingine. Huko nina msimamo mmoja: chumba kimoja, kitu kimoja, na penseli. Anachagua, anakaa mbele yake, anachora. Mkono unapolazimika kuufuata mstari wa fuvu au wa chungu, jicho huona nyufa, viraka na vidole vya mfinyanzi ambavyo mpita njia havimgusi. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, na ambaye wengi wa sisi tunaofundishia nyumbani tumejifunza kwake, aliwataka watoto wawe na daftari la kuchora viumbe na mimea waliyoiona kwa macho yao, na wasimulie kwa maneno yao walichokisoma. Usimulizi huo tunautumia kila jioni ya safari. Msikilizaji lazima awe mtu ambaye hakuwepo, la sivyo mtoto huruka nusu ya habari akijua unaijua.

Masomo ya mikono tunayafanya na familia nyingine chache zenye njia kama yetu. Kila mzazi hutoa alichonacho. Mmoja ni muuguzi, akawafundisha watoto kuhesabu mapigo ya moyo wao wakiwa wamekaa, kisha baada ya kuruka kamba, kisha kila dakika mpaka mapigo yarudi yalipokuwa, na wakachora grafu. Mwingine hutengeneza baiskeli. Aliwapa ile iliyopinduliwa matairi juu wahesabu meno: mbele 48, nyuma 16, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja gurudumu linazunguka mara tatu. Akahamisha cheni kwenye gia ya meno 24 na kuwauliza sasa itakuwaje, kabla ya kuwaruhusu kugusa. Mtoto wa miaka sita alijibu sawa na wa miaka 12. Wanaoniuliza kama binti yangu ana marafiki, ningetamani waone pale, wakubwa wakiwashikia wadogo spana.

Mwalimu niliyemheshimu kuliko wote ni fundi mwashi. Hakuhutubia. Tulimwomba tuje siku anayopanga msingi, tukakubaliana kumlipa kwa muda wake, maana kukaa na watoto kazini kunamchelewesha. Alimpa binti yangu mwisho wa kamba na kumwambia asiilegeze. Mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, akasogeza vigingi mpaka mshazari ukawa mita 5 kamili, akasema kona sasa ni skwea. Kisha akamwonyesha timazi, uzi wenye kizito chake, namna unavyotulia wima bila kuambiwa. Nyumbani tulikata miraba ya karatasi ya grafu: 9 (3 mara 3), 16 (4 mara 4), na 25 (5 mara 5). Alipoona miraba 9 na 16 inajaza kabisa ule wa 25, akakimbia kupima kona za kila chumba. Mbili si skwea. Nyumba nzima tuliarifiwa.

Lakini nisimdanganye mzazi mwenzangu. Kusoma kwa ufasaha, kuandika na jedwali la kuzidisha havipatikani kwa matembezi. Vinataka kukaa kitako, kidogo kila asubuhi, hata siku mtoto hataki. Sisi hatutoki kabla ya hivyo kwisha. Na pia ijue sheria ya unakoishi kabla hujaanza. Ujerumani haikubali elimu ya nyumbani ichukue nafasi ya shule. Uingereza na Wales, sheria ya elimu ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au kwa njia nyingine. Kwingine utadaiwa taarifa, mitihani au ukaguzi. Daftari letu lenye tarehe, swali, kisio, vipimo na mchoro limenisaidia kila nilipotakiwa kuonyesha nini kinafanyika, na halikuhitaji kuandaliwa upya kwa ajili ya mtu yeyote.

Kama unaanza, acha bustani ya wanyama kwanza. Tafuta maji yanayotembea, karakana, au mti mmoja ulio jirani, na umpe mtoto siku tatu za kuchagua swali. Kamba, fimbo yenye alama, saa, penseli na daftari gumu la kubebeka vinatosha kwa muda mrefu. Ukibeba na darubini sawa, ila usiitoe mpaka macho matupu yamalize kazi.

Sisi tunasubiri mvua ipite na maji yatulie ili tukapime pale pale, kwa kamba ile ile. Ameandika kisio la lita 900 kwa sekunde. Baba yake anasema litapita 1,000, mdogo wake anasema milioni, na wote watatu wametia sahihi.